Maelezo Aliyojiandikia Mjomba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa vitengo, wafanyakazi wenzangu, na familia yetu mliokaa safu ya mbele: nawasalimu nyote.

Tunayemuaga leo ndiye aliyeandika kiini cha mfumo unaoendesha mashine za kupumulia wagonjwa. Hapa kazini mnamwita Mzee wa Kiini. Kwangu ni mjomba, kaka wa mama yangu, na ndiye aliyenifundisha kazi hii.

Kwa wageni wasio wa fani: sisi waandishi wa programu huacha maelezo mafupi kati ya mistari, yasomwe na binadamu, mashine huyaruka. Maelezo mazuri husema kwa nini jambo limefanywa. Lakini mstari ukisema "ongeza moja", na juu yake mtu akaandika "hapa tunaongeza moja", faida yake nini? Tena mstari ukibadilishwa na maelezo yakasahauliwa, yanageuka uongo. Mwaka huu nilipewa kazi ya kuyafyeka hayo.

Mafaili ya zamani ya mjomba yalikuwa safi, kila neno na kazi yake. Ya karibuni ndiyo yaliyonitia baridi. "Hapa tunafunga hewa." "Tumeshafunga hewa, usifunge tena." Mstari baada ya mstari! Nikajiuliza: mtu anayenikaripia kwa neno moja la ziada, haya anamwandikia nani?

Nikifuta, nitakuwa nimefuta nini? Nikinyamaza, je, mgonjwa aliyelala pembeni ya mashine ile? Mwishowe nikavuta kiti karibu naye.

"Mjomba, haya ni ya nani?"

Aliyasoma. "Yangu. Najiandikia mwenyewe. Nikifika mstari wa chini, wa juu umeshanitoka."

"Tangu lini?"

"Ningekumbuka, ningekwambia." Akacheka, mimi sikuweza. Kisha akashusha sauti: "Nitoeni kwenye kiini kabla sijakosea."

Tulikagua pamoja kila alichoandika karibuni, na kosa hatukuliona. Daktari naye akathibitisha tulichokihofia. Mkurugenzi alimwomba abaki, hata kama mshauri tu, akakataa. Ni wangapi kati yetu tungekiachia kiti tukiwa bado tunabembelezwa? Na haya nayasema kwa ruhusa yake. "Sema wewe," aliniambia, "mimi nitaishia njiani."

Maelezo yale nimeyafuta, yeye akiwa kando yangu. Kiini kinasomeka. Lakini naogopa, ndugu zangu. Naogopa kesho nitakapokwama na kugeuka nimuulize. Naogopa zaidi siku nitakayoingia sebuleni kwake akanikaribisha kama mgeni.

Basi nina ombi. Mtakapokuja kumpa mkono, msimwulize, "Mzee, unanikumbuka?" Mtajieni majina yenu, mwambieni mlifanya naye kazi gani, kisha mcheke naye.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.

Mjomba, ni mimi, binti wa dada yako. Asante.