Mama Dancille Mukantabana, Dada Aliyenisemea

Mama Dancille Mukantabana alizaliwa Masisi tarehe 4 Juni 1968, mtoto wa kwanza wa Mama Dorothée na marehemu Papa Makuza, wafugaji wa ng'ombe. Nyuma yake nilizaliwa mimi, Mbonigaba, ninayesoma maneno haya.

Alimaliza shule ya msingi hapa Masisi, akasoma miaka miwili ya sekondari. Mimi niliishia darasa la sita.

Kuanzia mwaka 1988 alitengeneza jibini na kuiuza sokoni Sake. Mnunuzi akiibonyeza kwa kidole, alimwambia, "Papa, unaipima homa? Haiko mugonjwa!" Naye mnunuzi alinunua.

Tarehe 15 Agosti 1992 alifunga ndoa na Papa Jean-Luc Bayingana. Walijaliwa mabinti wawili, Christa na Myriam. Nilipokwenda na Dancille kuposa Itebero, kule Walikale, nilikaa mbele ya wakwe bila kutoa neno. Dancille akawaambia, "Muntu huyu iko na sauti, ameisahau tu nyumbani." Walicheka, wakanipa mke.

Mwaka 2021 alianza kutoka damu, ingawa hedhi yake ilikuwa imekoma. Madaktari wa Goma walikuta saratani ya kizazi, wakampasua Jumanne, tarehe 17 Mei 2022. Christa alikuwa ametoka kujifungua, Myriam alikuwa na mitihani, Papa Jean-Luc alibaki na ng'ombe, na mke wangu alibaki na mama yetu. Nilikwenda mimi kumtunza.

Muuguzi alinionyesha mfuko wa plastiki wa mkojo, kando ya kitanda. Alisema niuangalie, ukijaa niumwage. Niliona haya. Kwetu kaka hatazami mambo ya namna hiyo ya dada yake. Niliufunika kwa kitenge. Muuguzi alipopita kuuliza, "Papa, mukojo iko inatoka?" nilijibu, "Inatoka." Sikuwa nimetazama. Nilijibu hivyo siku mbili.

Siku ya tatu uso na miguu ya Dancille vilikuwa vimevimba. Daktari aliinua kitenge. Mfuko ulikuwa karibu mtupu. Alisema figo zimesimama, kwa sababu alipoteza damu nyingi wakati wa upasuaji.

Dancille aliniuliza, "Mbonigaba, ulikuwa unawaambia nini?"

"Nilisema inatoka, dada."

"We! Leo njo umejua kusema?" Alicheka kidogo, akafumba macho.

Walimtafutia mashine ya kusafisha damu, lakini moyo ulichoka kabla. Alifariki Jumapili, tarehe 22 Mei, saa tisa alasiri. Daktari alisema hajui kama zile siku mbili zingemwokoa. Mimi pia sijui, na nitakaa hivyo bila kujua.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, mama yetu Dorothée, na mimi.

Juzi nilimweleza Papa Jean-Luc yote. Alisema, "Andika vile ilikuwa. Watoto wasikie ku kinywa yako, siyo ku barabara."

Christa, Myriam, nimesoma. Mama yenu alinisemea maisha yote, na zamu yangu ilipofika nilisema uongo kwa sababu ya haya. Ninawaomba msamaha. Msinijibu leo, leo ni siku ya mama yenu. Mungu ampokee, ampumzishe katika amani yake.