Kikombe cha Mama Kilichofagiliwa

Mheshimiwa Meya, Mama Mwenyekiti wa Kamati ya Kumbukumbu, Mchungaji Tyree, ndugu wageni waalikwa, nanyi jamaa zangu mliowekwa nyuma ya kamba ili picha zitoke vizuri, habari za asubuhi.

Mimi Ernestine Gaskins nimefundisha watoto wa hapa Virginia miaka arobaini, na leo nimepewa dakika tatu niishukuru Kamati. Naishukuru. Imekumbuka kwamba mwaka 1619 Waafrika ishirini na ushei waliletwa utumwani kwa meli kwenye ufuo huu, wakabadilishwa kwa chakula. Na leo, kwa heshima yao, tumeandaliwa keki za kaa wa baharini. Nani kasema historia haifundishi?

Ila sifa kubwa ni ya usafi. Juzi Kamati ilituma watu wakasafishe makaburi yetu ili sherehe ipendeze, wakafagia vikombe vilivyovunjika, sahani na makombe ya chaza. Mama Mwenyekiti alinipokea akitabasamu: "Mwalimu, tumewaondolea takataka lori zima."

Mama Mwenyekiti, mpenzi wangu, sisi chombo alichonywea marehemu mara ya mwisho tunakivunja, tunakiweka juu ya kaburi lake, ili kifo kiishie hapo, kisirudi mezani kumtafuta mwingine. Kikombe cha mama yangu, cha bluu, kimekaa pale miaka thelathini na mmoja. Tufani tatu zimekipitia zikakiacha. Kimeondolewa na watu waliokuja kutukumbuka. Nimeumia, wala sifichi.

Wale wa kwanza waliteremshwa melini bila hata kibuyu. Sisi wajukuu wao tukajipatia vikombe, navyo mmevizoa kwa koleo.

Mchungaji ananivuta sketi, ananong'ona, "Dada Ernestine, malizia kwa upole." Namalizia kwa upole. Lori lingali nyuma ya hema, nimelichungulia mwenyewe. Ratiba inasema Meya agonge kengele, kisha tule. Nyundo ya kengele iko mkobani mwangu, nayo itatoka kikombe cha bluu kikishapatikana.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, vua koti. Mama Mwenyekiti, glavu hizi hapa. Jamaa zangu, iangusheni hiyo kamba mje mtuonyeshe kipi ni cha nani. Keki za kaa hata zikipoa huliwa.

Asanteni kwa masikio yenu. Sasa naomba mikono.