Jamaa Yangu Kakabwa na Kodi

Mbele ya kibanda cha kinyozi pana benchi la mbao, na benchi hilo lina sheria moja ambayo hakuna aliyeitunga: shida yako huisemi. Shida siku zote ni ya "jamaa yangu". Mtu akisema jamaa yake kaachishwa kazi, mpe pole huyo jamaa, yaishe. Asubuhi hiyo aliyekuja na jamaa alikuwa fundi friji, ambaye kijiwe kizima kinamwita Barafu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Jana yake mwenye nyumba alifika na seremala, wakakagua bawaba za mlango wa chumba alichopanga Barafu, mkewe na binti zake wawili wakitazama. Kodi isipopatikana hadi Ijumaa, mlango unang'olewa. Hafukuzi mtu, alisema, anachukua mlango wake tu. Jamani, kuna watu wana roho!

— Jamaa yangu mmoja kakabwa na kodi, — Barafu alianza, kikombe mkononi. — Bei zimepanda, kazi hamna. Mtu kama huyo anapata wapi msaada?

— Anafanya kazi gani? — aliuliza Waziri.

Huyu Waziri alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali, sasa kastaafu. Kwa kuwa alibeba barua za wakubwa miaka mingi, aliamini amezisoma zote.

— Fundi, — Barafu akababaika. — Fundi wa vitu vya umeme.

— Vitu gani?

— Vitu tu, Waziri! Watu wanazima vitu vyao siku hizi, umeme ghali. Kikiharibika wanakifanya kabati la nguo.

Kinyozi alikohoa, akaendelea na kichwa cha mteja wake. Muuza kahawa, mwenye jiko lake kando ya benchi, naye akaongeza kahawa kwenye kikombe ambacho hakijapungua. Walishajua. Lakini sheria ni sheria.

— Basi akope, — alisema Waziri. — Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Dawa ya deni ni deni.

— Dawa ya deni ni kulipa! — Kinyozi alidakia.

— Hiyo ilikuwa kabla bei hazijapanda. Siku hizi unakopa huku unalipa kule, unakopa kule unalipa huku. Deni likija nyumbani linaambiwa mwenyewe katoka.

— Ameshakopa, — Barafu alisema. — Kwa simu. Sasa waliomkopesha wanampigia mpaka mama mkwe wake.

— Lahaula! Mama mkwe?

— Mama mkwe. Wamemwambia mkweo tapeli.

Wote wakaguna.

— Si aende kwa kaka yake? — aliuliza muuza kahawa.

— Kaka yake naye ana jamaa yake.

— Aaa. Basi.

Kinyozi akazima mashine. Mteja akabaki na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, lakini hakulalamika, naye alitaka kusikia.

— Mimi nina njia, — alisema Kinyozi. — Afe.

— We! Ushindwe!

— Nisikilizeni. Atangazwe amekufa. Alipofariki yule fundi bomba, tulichanga kwa muda gani? Jua halijazama, turubai limefika, viti vimefika, gari limefika, jeneza linang'aa utadhani kabati la bwana harusi. Sivyo?

— Ndivyo, — alisema Waziri. — Kutoa ni moyo.

— Na wiki moja kabla, si alikaa hapo hapo ulipokaa wewe, akasema ana jamaa yake amekosa hela ya dawa? Tulimpa nini?

— Tulimpa pole, — alisema muuza kahawa.

Barafu alikumbuka yeye mwenyewe ndiye aliyesema "mwambie jamaa ajikaze".

— Sasa akishatangazwa, — Waziri akaona aokoe mazungumzo, — anazikwa nani?

— Hazikwi mtu. Tunachanga, kodi inalipwa, jioni anafufuka.

— Na siku akifa kweli? Mimi sichangi mara mbili. Mtu ni kufa mara moja, haba na haba hujaza kibaba!

Wakacheka mpaka mteja akashika kichwa chake. Barafu naye alicheka, cheko la kuazima. Walipotulia, akajitosa.

— Nasikia pale kwenye ukumbi wa mtaa kuna mfuko wa fedha. Unasaidia watu.

— Thubutu! — Waziri alisimama kabisa. — Ule ni mtego. Ukienda, jina lako linasomwa kwenye kipaza sauti.

— Nani alishasomwa?

— Lisemwalo lipo! Kisha wanakupiga picha umekumbatia mfuko wa unga. Picha inapelekwa juu. Huko juu wanayo ramani ya maskini wote, na siku wakipanua barabara, greda linaanzia kwako. Nimefanya kazi ofisini mimi!

— Samahani, kaka zangu.

Alikuwa mwanamke mgeni, mtu mzima, amesimama na chupa yake ya chai akisubiri ijazwe kahawa. Hakuna aliyemwona akifika.

— Huo mfuko nimekabidhiwa mimi mwezi huu. Kipaza sauti hatuna. Tuna meza na viti viwili. Na kodi tunampelekea mwenye nyumba wenyewe.

Waziri akaketi taratibu.

— Ila nimekwama, — mama aliendelea. — Kila anayekuja anakuja kumwombea jamaa yake. Nikimwambia mlete, simwoni tena. Fedha ipo, watu siwapati. Sasa nimewasikia na nyinyi mna jamaa. Ni nani?

Ee bwana wee! Swali dogo hilo! Kinyozi alipuliza mashine iliyokuwa safi. Muuza kahawa akainama kwenye jiko. Waziri aligundua jambo la maana sana angani.

Barafu alimfikiria mkewe. Jana, mwenye nyumba alipoondoka, mkewe alitoa shuka la kitandani, akalinyoosha mlangoni kutazama kama litafika chini. Halikufika. Aibu ilimpanda Barafu mpaka masikioni, kisha akaikasirikia hiyo aibu yenyewe, maana haijawahi kumlipia kodi.

— Ni mimi, dada, — alisema.

— Haya, pole kaka, — alijibu yule mama, kama mtu aliyeambiwa saa. — Twende basi, narudi huko huko. Mwenye nyumba wako unayo namba yake?

— Ninayo. Naiogopa, lakini ninayo.

Barafu alisimama. Hajapiga hatua, akahisi shati lake linavutwa kwa nyuma.

— Ukifika, — Waziri alinong'ona, — niulizie na jamaa yangu. Mke wake anaumwa.

— Siwezi kumuulizia, Waziri. Umesikia mwenyewe. Mwambie aje, nitamshikia nafasi.

Waziri aliliachia shati. Kisha akauliza kwa sauti ndogo pale ukumbini wanafunga saa ngapi.