Herufi Elfu Moja na Mia Tano za Sigvart

Benchi la mbele ya duka la samaki, pale gatini, ni la watu wanne. Asubuhi ile walikaa watatu, na mahali pa Sigvart wakaweka chupa ya kahawa. Wote wana majina ya kijiweni: Propela, fundi wa injini za boti; Posta, aliyegawa barua miaka arobaini; na Nukta, mwalimu mstaafu, ndiye huyo mwenye kompyuta mapajani na roho juu. Mazishi ya Sigvart ni kesho. Gazeti la mji linapokea maneno ya marafiki mpaka saa sita mchana, herufi elfu moja na mia tano, nafasi kati ya maneno nazo zikihesabiwa. Huko kwao, kuzikwa bila rafiki kukuandika gazetini ni aibu ya benchi zima. Chini ya kioo namba ilisomeka 1,588.

— Themanini na nane zimezidi, alisema Nukta. Tukate nini?

— Injini ya boti lake usiguse! Propela akaruka. Mimi na Sigvart tuliifungua mara tatu. Mara tatu, bwana!

— Basi kwaya.

— Kwaya? Posta akang'aka. Nimeimba naye miaka ishirini! We punguza tu ukubwa wa maandishi.

Nukta akapunguza. Maandishi yakawa kama chawa, namba isitikisike.

— Toa nafasi basi, Posta akasema. Nafasi ni hewa. Nani anahesabu hewa?

— Gazeti.

— Tuyabananishe maneno. Sigvart mwenyewe aliongea bila kupumua.

— Akilewa tu.

Propela akainama, sauti ya siri.

— Hiyo ni kazi ya wakubwa wa Oslo, huko mji mkuu. Wameweka hesabu hii makusudi, watu wa pwani tusisifiwe sana. Wenyewe wanapewa elfu tatu.

— Nani kakwambia?

— Sihitaji kuambiwa.

— Wala, ni baridi, Posta akakata shauri. Mashine ikipata baridi inahesabu mara mbili. Itie ndani ya koti.

Nukta, msomi mzima, akaitia ndani ya koti. Akaitoa: 1,588.

— Imebaki hii ya mwisho, akasema taratibu. Kwamba tulimpenda, na asubuhi zetu zimepooza.

— Futa, Propela akasema haraka, macho baharini. Hiyo si habari.

Posta akakohoa, hakupinga. Nukta akafuta. 1,500 kamili! Wakapeana mikono kama waliovua nyangumi.

Ndipo akafika Gudveig, mjane wa Sigvart, na kikapu chake.

— Karibu shemeji, soma, Nukta akasema, akimpa kompyuta.

Akasoma kwa kituo, midomo ikicheza.

— Injini ipo, kwaya ipo. Hata samaki wake wa kilo kumi na moja yupo. Asanteni. Lakini mbona hamjasema kama mlimpenda?

Posta akaitazama kahawa yake.  

— Futa injini, Propela akasema.

— Yote?

— Yote, bwana. Mara zote tatu.

Nukta akafuta, akairudisha ile sentensi. 

— Imefika ngapi? Posta akauliza.

— Sijaangalia.