Mothusi Aliyeitwa Mkata Laini

Poleni wafiwa, poleni majirani, mimi ni Kabelo, kaka mkubwa wa marehemu, shule sikukaa lakini sauti ninayo, hata walio kule zizini watanisikia.

Mothusi Ramodisa alizaliwa hapa Mahalapye tarehe 14 Machi 1981, siku ya mvua ambayo Botswana haijaiona tena, akasoma hapa hapa, akamaliza chuo Gaborone mwaka 2004, nikauza mafahali wakubwa kama malori ili asome.

Mwaka 2005 aliajiriwa kwenye mitambo ya mtandao, na toka Ramatlabama kusini mpaka Kazungula kaskazini hakuna simu iliyopumua bila yeye, akanieleza kwamba data ikiingia, mtambo wa kwanza unaangalia inakokwenda, unaibandika namba, mtambo unaofuata hausomi anwani, unaangalia namba tu, unaibandua, unabandika nyingine iliyokubaliwa na jirani yake, unasukuma mbele, mpaka mtambo wa kabla ya mwisho, huo unabandua kabisa, mzigo unafika na anwani yake tu, nikamwambia, "Hata mimi ningeweza hiyo," akacheka, "Kaka, wewe ungefungua kila mzigo utafute nyama."

Tarehe 6 Septemba 2008 alimuoa Boitumelo, wakapata Larona na Thuso.

Juni 2023 figo zilimlaza, na wiki hiyo wenzake walifungua njia mpya ya mtandao ya kupitia Serule, laini za hospitali na benki zikakatika, wakampigia wodini, "Rra, mzee wetu, tumejaribu, njia inapita," akawauliza, "Mmejaribu kwa anwani au kwa namba?", wakarudi kuangalia, kwa anwani ilipita safi, ila mtambo mmoja walisahau kuuwashia namba, kila mzigo wenye namba ukifika pale unatupwa bila kelele, akawaelekeza, wakawasha, laini zikarudi, lakini mjini likazunguka jina lake, kwamba ndiye aliyezikata, mpaka Boitumelo akaambiwa dukani, "Mumeo si ndiye alitukatia laini?"

Wenzake mko hapa, nawaona mnatazama viatu, mngesema neno moja tu, kwamba kosa lilikuwa lenu, maana tarehe 9 Mei 2024, kabla hajakata roho, hakuniuliza habari ya ng'ombe wala ya watoto, aliniuliza, "Kaka, bado wanasema?", na mimi, mwenye maneno kuliko redio, nilimrekebishia blanketi tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotwanga nyama ya seswaa wiki nzima, na nyinyi wa kazini, asanteni kwa jeneza.

Mdogo wangu, sisi hapa ndio kituo cha kabla ya mwisho, tumekubandua yote uliyobandikwa, na hilo la mkata laini tumelibandua mbele ya watu, nenda na jina lako tu, Mothusi, ukapumzike kwa amani.