Edmund Kapinga na Uwanja Uliopandwa Maharage

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Mbinga mjini, mlioko Litumbandyosi mashambani, mlioko Chiwanda kule karibu na mpaka, nawasalimu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba, nimeitikia kabla hamjasema. Anayezungumza ni mtangazaji wenu, Tobias Mbunda.

Leo tunamkumbuka Edmund Kapinga. Edmund Kapinga, mkulima wa kahawa, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Umatengo hapa Mbinga, mtu wa riadha. Alifariki Jumatano, wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka hamsini na minane. Tulimzika Ijumaa. Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na mbio. Zishikeni siku hizo. Huko ndiko ninakowapeleka, na ndiko ambako mimi mwenyewe bado sijakuelewa.

Nimeandika kipindi hiki mara nne. Kila nikiandika, nafika mahali nashindwa kusema kama Edmund alipata alichokitaka au alikikosa. Nimemuuliza mjane wake, Mama Kunigunda. Akaniambia, "Baba Mbunda, mimi nimeishi naye miaka thelathini na sijui. Wewe wa redio utajuaje?"

Basi nitasimulia tu, wasikilizaji, na nyinyi mtapima.

Edmund aliingia chuo kikuu akiwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa baba wa watoto wawili, kahawa iko shambani, naye yuko darasani na vijana wanaomwita "mzee". Walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kabisa wa chuo kile. Na Edmund alikuwa anakimbia. Alikimbia mita elfu tano, kwa raba za turubai.

Mara moja timu yao ilipelekwa mkoa mwingine kwenye mashindano ya vyuo. Vyuo vingine vilikuja na watu wao. Ngoma, nyimbo, wahitimu wenye matumbo yao wamevaa fulana za chuo, akina mama wa mtaani na ndoo za maji. Mbinga ilikuja na wakimbiaji sita na dereva. Mama Kunigunda anakumbuka mumewe aliporudi nyumbani. "Nilimuuliza, mmeshangiliwa? Akasema, tulipomaliza tulimwamsha dereva."

Hilo halikumtoka. Watu wengine huumizwa na kushindwa. Edmund aliumizwa na kukimbia bila wa kumtazama.

Mwaka jana mwishoni, msimamizi wa michezo wa chuo, Bwana Cleopa, alimwita. Bwana Cleopa ni mtu mstaarabu, hapigi kelele. Alimweleza kwamba wanafunzi wanalala wanne katika chumba cha wawili, na chuo kinatafuta mahali pa kujenga bweni. Uwanja wa riadha ulikuwa nyasi tupu zinazofika kiunoni. Mwaka huu ukipita bila mbio pale, na bila watu wa kuzitazama, bweni litajengwa uwanjani.

Narudia, maana ndilo jambo lenyewe. Bila mbio na bila watu, uwanja hakuna.

Edmund akaanza na wenzake, wahitimu. Wana kundi lao la simu, wako Songea, Dodoma, Mwanza, kila mahali. Akaandika kwamba uwanja wetu unachukuliwa. Alinionyesha majibu. Wahitimu sitini walituma alama ya kidole gumba. Mmoja akauliza, "Uwanja upi?"

Ndipo akaja kwangu. Alikaa kwenye benchi lile pale nje ya studio, kofia mkononi. Akasema, "Shikamoo, mzee. Nataka unitangazie ngokela."

Kwa wasikilizaji wa ziwani nieleze. Ngokela ni desturi yetu Wamatengo. Mtu mwenye kazi kubwa anawaita jirani, wanakuja na majembe yao, yeye anapika chakula na pombe. Wewe ukiitwa, unakwenda. Ukikataa, siku yako ya kuita utalima peke yako.

Nikamwambia, "Edmund, chuo kikuu kinaitiwa ngokela?"

Akasema, "Mimi ndiye ninaita. Chuo hakijui kuita."

Nikatangaza. Jumamosi ya pili ya Machi, uwanja wa chuo, njoo na jembe. Ndivyo nilivyosema hewani, na sikuuliza zaidi. Kwamba njia ya kukimbilia itasawazishwa, kwamba kuna kamba na vigingi vya kupimia, hayo Edmund alikuwa nayo kichwani. Mimi nilitangaza jembe.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda. Alhamisi Edmund alisafiri kwenda Chiwanda. Kuna binti anaitwa Edina, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mkimbiaji mzuri kuliko wote pale chuoni. Baba yake, Mzee Nazari, mvuvi, alikuwa amemkataza kukimbia. Edmund alikwenda kumwomba. Mzee Nazari alimjibu hivi, na maneno hayo alinirudia mwenyewe msibani. "Nilimwambia, ndugu yangu, mtoto nimempeleka chuo akasome. Kukimbia alikuwa anajua tangu hapa."

Walizungumza siku mbili. Mzee Nazari akakubali, kwa sharti kwamba kuwe na watu wazima wa kumwangalia mtoto, asikimbie kama mbuzi aliyepotea. Edmund akaahidi. Jumamosi alfajiri akapanda gari kurudi. Mvua ya Machi mnaijua. Gari likakwama kwenye matope kabla ya kufika Mbamba Bay, likakaa pale hadi adhuhuri.

Na sisi tulikuwa tumeshafika uwanjani.

Nasema sisi, maana nilikuwepo. Tulikuwa watu zaidi ya mia. Mwenye kazi hayupo. Mbele yetu kuna mteremko mpana. Nyasi zake wanafunzi walikuwa wamezifyeka wiki mbili nyuma, zimelala, zimekauka vizuri. Mwezi ni Machi. Watu wana majembe. Wasikilizaji, Mmatengo yeyote akiona hayo, haulizi. Mzee Joakim Ndunguru, mkubwa wetu pale, alizunguka na fimbo yake, akapiga nyasi kidogo, akasema, "Zimekauka hizi. Edmund anataka maharage."

Tukachimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Wanaume tukapanga nyasi kwa miraba, wanawake wakachimba udongo katikati na kuufunika juu ya nyasi, mashimo yakatokea safu kwa safu, kama walivyofanya babu zetu. Bibi Rosina, jirani yake Mzee Joakim, akaagiza mbegu kutoka nyumbani kwake. Mlinzi wa chuo alitutazama kutoka getini. Alikuwa na barua inayosema wananchi watafanya kazi uwanjani, na kweli wananchi walikuwa wanafanya kazi uwanjani. Wanafunzi wawili walipita. Mmoja akauliza kama ni mradi wa kilimo. Mzee Joakim akamjibu, "Chukua jembe, msomi, utaelewa."

Mama Kunigunda alifika saa saba na chakula. Alisimama na sufuria kichwani, akatazama. Nilimuuliza juzi kwa nini hakusema kitu. Akasema, "Nilidhani amebadilisha mawazo. Edmund alikuwa na mawazo mengi."

Saa kumi jioni Edmund akafika kwa bodaboda, matope hadi magotini. Mzee Joakim akamwendea, anatabasamu. "Tumemaliza, kijana wetu. Na maharage tumeshapanda."

Edmund aliutazama uwanja. Uwanja wa riadha wa chuo kikuu, wasikilizaji, mashimo mia kadhaa, na mbegu ndani yake. Kisha akasema, "Asanteni sana. Mmekula?"

Ule uso nimeufikiria mara nyingi. Sikuusoma siku ile, na leo siusomi.

Jumatatu nilikwenda kwake. Nilimwambia nimeona kosa langu, nitangaze tena, watu waje wafukie. Wanafunzi walikuwa tayari kufukia hata siku ile ile. Edmund akakataa.

"Mzee Mbunda, mtu amekuja kwenye ngokela yangu, amepanda kwa mkono wake. Nikifukia, nitamwita tena kwa uso gani?"

"Lakini uwanja utachukuliwa."

"Najua."

"Sasa unataka nini, uwanja au maharage?"

Akanitazama. "Shikamoo, mzee," akasema, na akaenda kupalilia kahawa yake. Hiyo ilikuwa kwaheri, si salamu.

Mimi chuo kikuu sikusoma. Nilisoma masomo ya jioni, kwa taa ya chemli, nikiwa na watoto watatu, na cheti changu kiko ukutani. Nimejifunza kufuata hoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya Edmund sikuweza kuifuata.

Maharage yakaota. Ukiwa na maharage lazima uyatembelee. Watu wakaanza kuja chuoni kila wiki, watu ambao kwa miaka zaidi ya ishirini walikuwa wanapita getini bila kugeuza shingo. Wakapalilia. Na wakimbiaji, kwa kuwa hawakuwa na pengine, walikuwa wanakimbia kuzunguka shamba. Walizunguka, wakazunguka. Mtu akiinama kupalilia anaona miguu. Akiinuka anaona sura. Haukupita muda Mzee Joakim alikuwa anawajua wote.

"Wewe mwenye bukta nyekundu, jana ulipitwa na huyu mfupi. Leo umekula?"

"Shikamoo, babu. Leo nimekula."

"Marahaba. Basi tuone kama chakula kimefika miguuni."

Na Bibi Rosina alimwambia Edina, aliposimama kupumua, "Mwanangu, usipinde mgongo hivyo. Huchumi kahawa."

Mwisho wa Juni tulivuna. Baridi ilikuwa kali, mnaikumbuka. Siku hiyo hiyo Bwana Cleopa alikuja na karatasi zake kukagua uwanja. Akakuta watu wamejaa, magunia, na vijana wa riadha wanapura maharage. Akauliza shamba ni la nani. Bibi Rosina akamwambia, "Ni la timu yetu."

Timu yetu. Neno hilo Edmund alilisikia. Alikuwa amesimama karibu yangu.

Bwana Cleopa alifunga karatasi. Akasema atatupa muda hadi Oktoba, mbio zifanyike. Vyuo vingine vitaalikwa. Watu wakija kutazama, uwanja unabaki. Wasipokuja, bweni. Julai tukarudi wote na majembe, safari hii Edmund yupo, kamba ipo, vigingi vipo. Tukafukia kila shimo tulilochimba. Njia ya kukimbilia ikatokea. Si nyoofu sana upande wa juu.

Na Oktoba, siku tatu kabla ya mbio, Jumatano asubuhi, Edmund alianguka akiwa anavaa viatu. Madaktari walisema ni moyo. Hakufika jioni.

Chuo kilitaka kuahirisha mbio. Mama Kunigunda akakataa. Yeye mwenyewe asingeweza kutoka, mjane hatoki, lakini alituma neno kwamba wageni wameshaitwa. Tukazika Ijumaa. Jumamosi asubuhi watu wakatoka msibani moja kwa moja kwenda uwanjani, na khanga za msiba, na nguo nyeusi. Uwanja ulijaa. Na ulikuwa kimya.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mtu amezikwa jana. Unashangilia? Unakaa chini? Mzee Joakim alimuuliza katekista kama inaruhusiwa kupiga kelele. Katekista alifikiri sana, akasema, "Sijawahi kuulizwa hilo." Basi tukanyamaza. Wakimbiaji wa vyuo vingine walikuwa wanatutazama kwa hofu.

Edina alikimbia mita elfu tano, mbio zile zile za Edmund. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa tano, kimya. Unasikia viatu tu. Mzee Nazari alikuwa amekuja kutoka Chiwanda kwa mazishi. Alisimama peke yake kwenye kona ya juu, pale njia inapopinda vibaya. Mzunguko wa nane Edina alipopita, alikuwa analia na anakimbia. Mzee Nazari akamgeukia Bibi Rosina. Akamwambia, si kwa sauti kubwa, "Niliahidiwa watu wa kumwangalia mtoto wangu. Ndio hawa?"

Bibi Rosina akasimama. "Edina! Kaza, mwanangu, huyo wa mbele amechoka."

Hapo ndipo tulipofunguka. Sijasikia sauti kama ile Mbinga, hata askofu alipokuja. Watu walikuwa wanalia na kushangilia pamoja, na sidhani kama yupo aliyejua lipi ni lipi.

Edina alikuwa wa tatu. Mzee Joakim akanishika mkono. "Wa tatu ni ushindi?"

"Ni vizuri, mzee."

"Kwani walikuwa watatu?"

"Walikuwa kumi na mmoja."

"Basi ni vizuri."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Mama Kunigunda, kwa watoto, kwa ukoo wa Kapinga wote, na kwa vijana wa riadha, ambao nao wamefiwa. Mungu ampumzishe Edmund. Kama nilikosea kutangaza jembe bila kuuliza, familia inisamehe. Kama sikukosea, sijui nishukuru nini.

Lakini bado kuna neno moja. Baada ya mbio nilimwendea Bwana Cleopa nikamuuliza, je, uwanja umebaki? Alinijibu kwa heshima. "Mzee, watu nimewaona. Ila sijui walikuja kwa mbio au walikuja kwa msiba. Tutaendesha mbio nyingine, nitatazama tena."

Nilitaka kumbishia. Nikakosa hoja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwepo na sijui nilikuja kwa lipi.

Mbio hizo nyingine ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, uwanja wa chuo. Wewe mhitimu uliyetuma kidole gumba, uwanja ndio huu. Wewe jirani ambaye hukusoma pale, kama mimi, ukae ufikiri tangu sasa utakuwa wapi saa hiyo. Jumamosi hii hakuna aliyekufa. Atakayekuja, itajulikana amekuja kwa lipi.