Meno ya Mama Mkwe

BI HEPWORTH: Haloo? Nani mwenzangu?

CLEM: Ni mimi, Mama. Mkweo Clem. Shikamoo.

BI HEPWORTH: Marahaba. Sss— (filimbi) —sasa unapiga kutoka wapi?

CLEM: Cleethorpes, kibanda cha simu nje ya ukumbi wa maonyesho. Hiyo filimbi ni laini mbovu au—

BI HEPWORTH: Laini gani! Ni mdomo wangu! Tangu asubuhi nikitaja sukari, paka anakimbia.

CLEM: Basi, Mama, kuhusu… zile bilauri mbili kando ya sinki…

BI HEPWORTH: Kitendawili!

CLEM: Mama, peni zangu za simu zinakwisha!

BI HEPWORTH: Kitendawili!

CLEM: Tega.

BI HEPWORTH: Askari wangu walilala hapa Oldham, wakaamkia Cleethorpes.

CLEM: (kwa sauti ndogo) Meno yako ya bandia, Mama.

BI HEPWORTH: Umepata! Umebeba yangu gizani, ukaniachia yako! Yarudishe kwa treni ya mchana. Jioni Bwana Tattersall anakuja kula.

CLEM: Yule mgane mwenye bucha?

BI HEPWORTH: Mgeni tu.

CLEM: Mgeni tu, na nyama ya kuoka?

BI HEPWORTH: Wewe mtoto, wewe!

CLEM: Nisikilize, Mama. Kwenye mazoezi nimepuliza kinanda changu cha mdomo, sauti ikatoka laini kama siagi. Meneja katoa machozi! Miaka kumi na tisa watu wananicheka nikijiangusha kwenye ndoo jukwaani, leo wamenyamaza. Na jioni watu wa redio wanakuja kunisikia. Wakinichukua, ndoo naiaga.

BI HEPWORTH: Kwa hiyo?

CLEM: Naomba… (simu inakwaruza) …uniazime. Leo tu.

BI HEPWORTH: Meno? Ya mama mkwe? Mdomoni mwako?

CLEM: Yameshaingia, Mama.

BI HEPWORTH: Mungu wangu. Enid anasema mgongo wako umejaa manundu ya hiyo ndoo.

CLEM: Mke wangu anatia chumvi.

BI HEPWORTH: Mwanangu hatii chumvi. Nimemwona akikukanda.

CLEM: (anatumbukiza peni nyingine)

BI HEPWORTH: Haya, puliza nayo. Ila kwanza yasss— (filimbi) —yasugue!

CLEM: Na Bwana Tattersall je?

BI HEPWORTH: Nitafumba mdomo jioni nzima.

CLEM: Wewe, Mama? Jioni nzima?

BI HEPWORTH: Atadhani nina adabu. Akishanioa ndipo ataj—

CLEM: Akishakuoa? Mama! Peni ya mwisho hiyo! Haloo? Mama, umesema aki—